Mfuko wa kikundi na afya ya matiti: je, wanachama wote 28 wapigwe mamogramu?

KatibuHisa (Morogoro)

Wakuu, habari za leo, na shikamooni kwa wanaostahili. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina akina mama 28. Walio chini ya miaka 30 ni 6, wa 30 hadi 39 ni 11, wa 40 hadi 49 ni 7, na waliovuka 50 ni 4. Watatu wananyonyesha, mmoja ni mjamzito. Mfuko wa jamii umekaa vizuri mzunguko huu, na kikao kimependekeza kwamba kabla ya kugawana tuwalipie wote mamogramu (picha ya eksirei ya titi). Tukodi Coaster, twende Dar alfajiri, turudi jioni. Hoja iliyotolewa ni kwamba mtoto akikohoa usiku, asubuhi yuko zahanati, lakini mama mwenyewe akiwa na tatizo la titi anasema ataenda mavuno yakiisha.

Naomba kujua: kila mmoja anahitaji kipimo hicho? Wanaonyonyesha wanaruhusiwa? Halafu yupo mwenzetu mmoja anayenyonyesha, ana miaka 34, ana kijivimbe titi la kulia. Anasema hakiumi na anaamini ni maziwa yameganda. Naye tumweke kwenye orodha ya safari?

NesiMkunga_RCH

Dada Katibu, nianze na huyo wa mwisho. Mtoeni kwenye orodha ya safari, aende kituoni wiki hii. Uchunguzi wa awali mnaoupanga ni wa mtu asiye na dalili yoyote. Yeye tayari ana dalili, kwa hiyo anahitaji kuchunguzwa kama mgonjwa mpaka ijulikane ni nini.

Maziwa yakiganda huja ghafla, sehemu hiyo inauma, na kwa kawaida inalegea ndani ya siku mbili tatu mtoto akiendelea kunyonya. Kuna pia kifuko cha maziwa, ambacho hakiumi na kinaweza kukaa wiki nyingi. Kukitofautisha na uvimbe mwingine kwa vidole tu ni vigumu hata kwa daktari. Altrasaundi inakionyesha, na sindano ikivuta maziwa kinanywea palepale. Uvimbe wowote uliokaa wiki mbili bila kuondoka upigwe altrasaundi, awe ananyonyesha au la, uume au usiume. Wengi wanadhani kisichouma hakina neno, wakati uvimbe mwingi wa saratani ya titi huanza bila maumivu.

Kosa ninaloliona zaidi kwa wanaonyonyesha liko kwenye antibiotiki. Mama anakuja titi jekundu, la moto, ana homa kidogo. Anapewa dawa za siku 10, hapo hakuna kosa. Asipopona anapewa dozi ya pili, kisha duka la dawa linamwongezea ya tatu, na miezi miwili imeshapita. Dozi moja kamili ikimalizika na titi bado limevimba, apigwe altrasaundi. Kama hakuna usaha wa kuvutwa kwa sindano na ngozi imekuwa nene yenye vitundu kama ganda la chungwa, akatwe kinyama kidogo kipimwe. Ipo saratani inayojificha kwa sura hiyohiyo ya titi lililovimba kwa maziwa, na mara nyingi haina hata uvimbe wa kushika.

Altrasaundi, mamogramu, sindano ya ganzi ya kawaida: hakuna hata kimoja kinachomlazimu kumwachisha mtoto ziwa. Anyonyeshe au akamue dakika chache kabla ya kipimo, titi liwe jepesi na picha itoke vizuri. Mjamzito naye anapigwa altrasaundi bila wasiwasi, na matiti yake yakaguliwe kwenye hudhurio la kliniki. Asipokaguliwa, aombe.

Kwenye daftari la huyo mwenye kijivimbe yaandikwe mambo haya: tarehe aliyouona, titi lipi, sehemu gani (tunaandika kwa namba za uso wa saa ya ukutani, mfano namba 10 karibu na kwapa), ukubwa kwa sentimita, hali ya ngozi, chuchu na kwapa. Bila maandishi hayo kila anayempokea anaanza upya, na hakuna anayeweza kusema kama uvimbe umekua.

Kuhusu ile imani kwamba anayenyonyesha hapati saratani ya titi: uchambuzi mkubwa wa 2002 uliounganisha tafiti 47 kutoka nchi 30 ulionyesha kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari kwa takriban asilimia 4.3. Faida ipo, ila haifuti hatari. Na katika miaka michache baada ya kujifungua hatari hupanda kidogo kwanza kabla ya kushuka, hasa kwa aliyezaa mtoto wa kwanza akiwa na umri mkubwa.

PichaNaMionzi

Mkuu Katibu, msiwapige wote 28 mamogramu. Mtateketeza pesa.

Titi la mwanamke kijana lina tishu nyingi za tezi, na kwenye picha tishu hizo zinatoka nyeupe. Uvimbe nao unatoka mweupe. Ndiyo maana chini ya miaka 40, kwa mtu asiye na dalili wala historia ya familia, picha hiyo inaficha mengi na kuzua hofu nyingine zisizo na msingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mamogramu kila miaka miwili kwa umri wa 50 hadi 69 pale huduma inapoweza kumudu. Marekani tangu 2024 wanaanza 40 mpaka 74, pia kila miaka miwili. Kwa hesabu yenu, wale 4 waliovuka 50 ndio wa kwanza, kisha wale 7 wa miaka ya arobaini mfuko ukiruhusu. Waliobaki 17 wakaguliwe kwa mkono na mhudumu aliyefundishwa, na atakayekutwa na kitu apigwe altrasaundi.

Kuna wa kuwatoa kwenye hesabu hiyo. Mwenye mama, dada au binti aliyepata saratani ya titi kabla hajakoma hedhi huanza mapema, kwa kawaida miaka 10 kabla ya umri aliougua ndugu yake. Mama aliugua akiwa na 45, binti anaanza 35. Ulizeni pia upande wa baba. Shangazi anasahaulika sana, na saratani ya kifuko cha mayai kwenye ukoo nayo itajwe kwa daktari.

Maandalizi. Asubuhi ya kipimo asipake dawa ya kikwapa, poda wala losheni kifuani. Zina chembe za madini zinazoonekana kama vijiwe vidogo vya chokaa kwenye titi, na vijiwe vya aina hiyo ni moja ya dalili tunazozitafuta, kwa hiyo mtu anaweza kuitwa tena kwa sababu ya poda tu. Avae blauzi na sketi, au kitenge na fulana, asivae gauni zima. Anayepata hedhi aje wiki moja baada ya hedhi kuanza, maumivu yanakuwa kidogo. Titi linabanwa kati ya bamba mbili kwa sekunde chache, picha mbili kila upande, jumla nne. Kubanwa kunakera lakini bila hivyo picha inatoka na ukungu na mionzi inakuwa mingi zaidi.

Majibu yana namba 0 mpaka 6, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. 0 haimaanishi salama. Inamaanisha picha hazitoshi, arudi kwa picha za nyongeza au altrasaundi, au alete picha zake za zamani tulinganishe. 1 ni kawaida, 2 kuna kitu lakini si saratani. 3 uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, anarudi baada ya miezi 6, na kurudi huko ni lazima. 4 inatakiwa biopsi, yaani kuchukua kinyama kikapimwe maabara. 5 uwezekano ni asilimia 95 au zaidi, naye biopsi. 6 ni kwa ambaye saratani yake imeshathibitishwa. Kila mmoja aondoke na ripoti ya maandishi pamoja na picha zenyewe, kwa filamu au kwa CD. "Nimeambiwa niko sawa" haisaidii miaka miwili ijayo.

Na mamogramu iliyo safi haifuti uvimbe unaoshikika. Zipo saratani ambazo picha haizioni. Kama kidole kinagusa kitu, uchunguzi unaendelea hata picha ikisema 1.

MzeeWaHesabu

Samahani kwa kuingilia mambo ya akina mama. Si wafundishwe kujipima wenyewe kila mwezi nyumbani? Ni bure, mfuko unabaki, wanagawana.

NesiMkunga_RCH

Mzee, shikamoo. Swali lako ni zuri, na limeshajaribiwa. Shanghai walifuatilia wafanyakazi wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo, nusu wakafundishwa kujipima kwa mpangilio na kukumbushwa mara kwa mara. Matokeo ya 2002: vifo vya saratani ya titi havikupungua kwa waliofundishwa, ila walifanyiwa biopsi nyingi zaidi za uvimbe usio na madhara.

Mumbai walifanya tofauti. Wahudumu wa kike waliofundishwa waliwakagua wanawake kwa mkono kila miaka miwili, kwenye jaribio la wanawake 151,538 wa umri wa 35 hadi 64. Baada ya miaka 20, matokeo yakatoka 2021: waliokaguliwa waligundulika mapema zaidi, na kwa waliokuwa na miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Chini ya 50 vifo havikupungua. Kwetu ambako mashine ni chache, hilo la Mumbai ndilo la kuiga, na nesi aliyefundishwa analiweza.

Sisemi mama asijiguse. Ajue titi lake lilivyo kawaida ili likibadilika agundue, asifanye mtihani wa kila mwezi wa kumkosesha usingizi. Asimame mbele ya kioo, mikono chini, kisha mikono juu, kisha mikono kiunoni akibana misuli ya kifua. Hapo ndipo ngozi iliyovutwa ndani huonekana, na mikono ikiwa chini tu huwezi kuiona. Kisha alale chali, mkono wa upande anaokagua nyuma ya kichwa, atumie nyama za vidole vitatu vya kati (ncha zisitumike) na azungushe kwa mkandamizo mwepesi, wa kati, kisha wa kugusa mbavu. Aende kwa mistari ya juu na chini kuanzia kwapani hadi mfupa wa katikati ya kifua, na juu hadi mfupa wa mtulinga. Wengi wanazunguka chuchu na kumaliza, wakati sehemu ya juu karibu na kwapa ndiyo yenye tishu nyingi na ndiyo inayoota uvimbe mwingi.

Chuchu iliyoanza kuingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, majimaji yenye damu yanayotoka yenyewe tundu moja upande mmoja, kidonda au magamba ya chuchu yasiyopona kwa dawa ya ukurutu: hayo yote ni ya kituoni hata kama hakuna uvimbe.

MaabaraHisto

Nimesoma mjadala wote na naona fedha zote zinakwenda kwenye picha. Picha inashuku tu. Jibu linatoka kwenye kinyama, na kinyama ndicho watu wanachokosea na kinachokosa hela. Kama ningekuwa mweka hazina, ningelipia mamogramu za hao 11 na kufunga sehemu iliyobaki ya mfuko kwa ajili ya biopsi, kipimo cha vipokezi (alama kwenye seli za saratani zinazoonyesha dawa ipi itafaa) na nauli ya atakayekutwa na kitu.

Ombeni biopsi ya sindano nene. Inatoa vipande vyembamba vya nyama, kwa ganzi, bila kulazwa. Sindano nyembamba inatoa seli tu, inafaa kwa kifuko cha maji au tezi za kwapa, lakini haionyeshi kama saratani imeshavuka ukuta wa mfereji wa maziwa. Na msikubali uvimbe ukatwe wote kabla haujajulikana ni nini. Ukikutwa ni saratani baada ya hapo, kingo hazijulikani, mgonjwa anarudi tena kwenye meza ya upasuaji, na nafasi ya kuanza na dawa za kuupunguza uvimbe kwanza imepotea.

Kinyama kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, ujazo wa fomalini uwe mara 10 ya kinyama, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Nje ya hapo vipimo vya vipokezi vinadanganya. Kuna sampuli zinakuja kwenye maji ya dripu, au kwenye spiriti, au kwenye kichupa cha dawa chenye fomalini ya kulowesha tu, au hazina jina kwenye kichupa bali kwenye mfuniko, na mfuniko umebadilishwa njiani. Ndugu wa mgonjwa hana sababu ya kuona aibu kuuliza: ni fomalini hii? Jina liko kwenye kichupa? Saa imeandikwa?

Majibu yakisema saratani, karatasi moja haitoshi. Inatakiwa pia ripoti ya vipokezi vya estrojeni, projesteroni na HER2. Mwenye vipokezi vya estrojeni anaweza kupewa tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu, miligramu 20 kwa siku, kwa kawaida miaka 5 au zaidi. Asiyepimwa hupewa dawa kwa kubahatisha. Fungueni faili, wekeni nakala ya kila kitu.

Na ile ya "ukichoma sindano ugonjwa unasambaa" muiache kabisa. Kinachousambaza ni kungoja.

MhudumuJamii_Kilosa

Mimi niongezee upande wa nyumbani, kwa sababu mnaweza kulipia na siku ya kipimo wakaja nusu.

Akina mama wengi hawagomei kipimo chenyewe. Wanaogopa kukatwa titi, wanaogopa mume ataondoka, na wanaona haya kuvua mbele ya daktari wa kiume. Hilo la mwisho ni rahisi: pigeni simu kituoni kabla, ombeni siku ambayo mkaguzi ni mwanamke, au nesi wa kike awepo chumbani. La kukatwa, waambiwe ukweli: uvimbe mwingi unaoshikwa si saratani. Na saratani ikikutwa ikiwa ndogo, mara nyingi hutolewa uvimbe peke yake na kufuatiwa na mionzi. Majaribio ya Milan na ya Marekani yaliyofuatilia wanawake kwa miaka 20 yalionyesha wanaishi sawa na waliotolewa titi lote. Asiyeweza kufika penye mashine ya mionzi ndiye anayelazimika kuondolewa titi hata likiwa na uvimbe mdogo, kwa hiyo muulize mapema rufaa inakwenda wapi. Hospitali ya Ocean Road, Dar, ndiyo inayojulikana zaidi, lakini Bugando (Mwanza) na KCMC (Moshi) nao wana idara za saratani.

Kuhusu waume, msiwaandikie barua ya ruhusa. Waiteni kwenye kikao kimoja, nesi aeleze, wajue tarehe. Mume aliyesikia mwenyewe hana cha kuuliza Coaster ikichelewa kurudi.

Wengine wanakwama kwa sababu ya mtoto na biashara. Siku ya ukaguzi wa mkono ifanyike siku ya kikao cha kikundi, palepale mnapokutania, chumba chenye pazia na kitanda. Nesi mmoja, dakika 6 hadi 10 kwa mtu, 17 wanaisha kwa mchana mmoja. Kuanzia mwaka kesho, mwenye mtoto wa kliniki aombe kukaguliwa titi tarehe ya chanjo ya mtoto. Tarehe hiyo haisahauliki, iko kwenye kadi.

KatibuHisa

Asanteni sana wote. Mwenzetu mwenye kijivimbe amekubali kwenda kesho, mweka hazina anaongozana naye. Pendekezo ninalolipeleka kikaoni: 17 wakaguliwe kwa mkono hapa kwetu, 11 waende mamogramu, kiasi kilichobaki kisigawanywe mpaka majibu yote yarudi. Swali moja: Coaster au treni ya SGR? Na je, wakienda Dar siku moja watarudi na majibu?

PichaNaMionzi

SGR itawafaa, ni watu 11 tu. Majibu siku hiyohiyo inategemea kama daktari wa picha yupo, pigeni simu muulize mambo matatu: ripoti inatoka lini, altrasaundi ya titi inafanyika jengo hilohilo, na biopsi ya sindano nene wanaifanya siku zipi. Kituo kikikosa hilo la tatu, tafuteni kingine hata kama bei ya mamogramu ya hicho cha kwanza ni ya chini. Namba 4 au 5 ikitoka, mtu aondoke na miadi ya biopsi mkononi. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni siku 60 kutoka mama anapofika kituoni mara ya kwanza mpaka utambuzi ukamilike, na safari moja ya kwenda na kurudi bila jibu inaweza kumeza mwezi mzima.

Kabla ya kulipa, wenye bima waulize kituo kama mamogramu ya mtu asiye na dalili inalipiwa. Mara nyingi inalipiwa ile yenye sababu ya kitabibu iliyoandikwa kwenye fomu.

MaabaraHisto

Na huyo wa kesho, akichukuliwa kinyama, mweka hazina apige picha ya fomu ya maabara kwa simu. Namba ya sampuli ikipotea ndiyo tunamaliza wiki tatu tukitafutana.